Kikombe cha Kwanza cha Mama Pima

Wewe unayeshika gazeti hili, umewahi kufukuzwa mlangoni na watu ambao kila mmoja wao unajua anapenda kunywea kikombe gani?

Mimi nimefukuzwa. Ilikuwa Jumanne, saa kumi kasorobo, mchana kweupe, hapa Lodwar. Na aliyenifukuza nilikuwa nimemnywesha miaka kumi na mmoja.

Kama hukuwa nasi tangu mwanzo, kaa nikueleze kwa ufupi, halafu twende pamoja.

Naitwa Namuria. Mbele yangu watu wananiita Mama Lokiru. Nyuma ya mgongo wananiita Mama Pima, kwa sababu ndiyo kazi yangu, kupika busaa na chang'aa na kuwapimia watu. Nilianza baada ya mbuzi wetu karibu wote kufa kwa ukame na mume wangu kuzikwa. Pombe hiyo ilinijengea kibanda cha mabati mtaa wa Napetet. Nayo pole pole ikaninywa mimi.

Ilininywa hivi. Kwetu mteja hagusi pombe kabla mwenye nyumba hajaonja mbele ya macho yake. Watu wamekufa kwa pombe mbaya, wengine wamepofuka, kwa hiyo hakuna anayeamini maneno. Kikombe cha kwanza cha kila pipa ni cha mpishi. Unajaza, unakunywa mpaka chini, unakigeuza kichwa chini miguu juu, mteja anaona hakuna tone lililobaki, ndipo anatoa pesa. Pipa la asubuhi, pipa la mchana, pipa la jioni. Miaka ishirini na sita.

Kuna wakati kikombe hicho kilionjwa na mtu mwingine badala yangu. Hilo nimekuwa nikilipita kila nikiandika, kama mtu anayepita karibu na kaburi akitazama upande wa pili.

Mwanangu wa pekee ni Lokiru. Alikuwa mlevi kunishinda. Mwaka jana alipiga teke pipa langu, akaondoka bila kiatu kimoja, akaniachia binti yake Nawoi, mtoto wa miaka minane. Mama ya Nawoi alishaolewa kwingine, huko Lokiriama. Wengine walisema Lokiru yuko Kalokol anavua samaki. Wengine walisema amekufa. Nilikuwa nachagua la kuamini kulingana na siku.

Na wiki iliyopita mliona jinsi Nawoi alivyolala darasani mpaka mwalimu akamnusa mdomo. Mtoto hakuwa amekunywa. Alikuwa amekula machicha. Ukishakamua busaa, yale mabaki ya nafaka yanayobaki kwenye gunia ndiyo machicha. Unga ukiisha, watoto wengi hapa hula hayo na tumbo linanyamaza. Mwalimu akamwita afisa wa watoto, mwanamke kijana mwenye viatu vya raba.

"Mama, nakupa siku kumi na nne," akaniambia. "Uniletee barua kutoka kwa kikundi cha watu wanaoacha pombe, iseme unahudhuria. Ukikosa, Nawoi ataenda makao ya watoto."

"Barua tu?"

"Barua."

Mimi nilisikia barua. Kuacha sikusikia.

Ilinichukua siku saba kujua kikundi kiko wapi. Ukitafuta pombe Lodwar, hata kipofu atakuonyesha njia. Ukitafuta mahali pa kuachia pombe, watu wanakutazama kama umeuliza bahari iko wapi. Chifu alinituma hospitali. Hospitali wakanituma ofisi, ofisi wakanipa karatasi ya Kizungu yenye picha ya chupa imepigwa msalaba. Mwishowe ni mama muuza samaki aliyeniambia, "Si wanakutana kwa ule ukumbi nyuma ya kanisa, Jumanne. Husikii wakiimba?"

Nilivaa shanga zangu zote na kitenge cha sikukuu. Nikaweka tumbako shavuni, maana tumbako inafunika harufu. Ndani ya kikapu changu cha mkoma nikaweka kitambulisho, leso, na chupa ndogo ya dawa ya kikohozi. Ndani ya chupa hiyo hakukuwa na dawa ya kikohozi. Nikifika saa nane mchana bila kitu, mikono yangu hutetemeka mpaka siwezi kufunga kifungo.

Mlangoni alisimama Lotiir, fundi wa baiskeli. Kikombe chake kwangu kilikuwa kile cha bluu, chenye mpini uliovunjika. Hakutaka kingine.

"Ejoka, Lotiir."

"Ejok." Hakunipa mkono. "Mama Pima, umepotea?"

"Sijapotea. Nimekuja kwa kikundi."

Akageuka ndani. "Jameni, Mama Pima amekuja kwa kikundi."

Wakacheka. Nilichungulia. Walikuwa watu kumi na wawili kwenye mabenchi, na kumi na mmoja nilikuwa nawajua kwa majina, kwa wake zao, na kwa namna kila mmoja anavyoanguka.

"Biashara imekauka?" mmoja akauliza. "Sasa unatufuata mpaka kanisani?"

"Huyu atatufuata mpaka kaburini," akasema mwingine. "Utasikia anabisha jeneza: wewe, leta kikombe."

"Nataka kuketi tu," nikasema. "Na barua."

"Barua ya nini?"

"Ya kusema nahudhuria."

Lotiir hakuwa akinitazama tena usoni. Alikuwa anatazama kikapu. "Fungua."

"Lotiir, mimi ni rika la mama yako."

"Mama yangu haingii hapa na kikapu kimefunikwa. Fungua, mama."

Nilifungua. Akaichukua ile chupa, akaizungusha kifuniko, akanusa. Akafumba macho kidogo.

"Hii ni yako mwenyewe," akasema. "Moto wake naujua."

"Ni dawa."

"Ya nini?"

"Ya mikono."

Hapo akalegea. Akatazama vidole vyangu, navyo vilikuwa vimeanza. Mpaka leo naamini angeniruhusu niketi.

Lakini kwenye benchi la nyuma alikuwepo kijana anaitwa Abei, mwenye siku ishirini bila kugusa pombe. Alikuwa amesimama. Hakuna aliyemwita. Alikuja pole pole katikati ya mabenchi, macho kwenye chupa, mkono umenyooka kama mtoto anayeomba maziwa.

"Abei, kaa," Lotiir akasema.

"Naonja tu."

"Abei."

"Kidogo tu, kaka. Naonja tu niache."

Wanaume wawili wakamshika kiunoni. Hakupigana. Alilegea mikononi mwao akaanza kulia, mtu mzima mwenye ndevu.

Lotiir akatoka nje, akamwaga ile chupa mchangani, akafukia kwa kiatu. Aliporudi akanirudishia chupa tupu, na sauti yake ilikuwa chini.

"Umeona? Mama, mimi sikuchukii. Siku nilikosa chakula ulinipa. Lakini kwetu hapa wewe si mtu. Wewe ni harufu. Wakikuona tu, kiu inakuja. Nenda."

"Niende wapi?"

"Mahali hawakujui."

Ningependa kuwaambia kwamba nilienda nyumbani nikapiga magoti. Sikuenda. Nilienda dukani kwa Ruqiyo kununua hamira na sukari. Nilisema moyoni, kama mtoto anachukuliwa basi achukuliwe, mimi nipike.

Ruqiyo ni Msomali, mama wa umri wangu, hajawahi kuonja pombe maishani. Lakini nusu ya sukari ya duka lake imepita kwenye mapipa yangu, na hatujawahi kulitaja jambo hilo. Yeye huuza sukari ya chai, na mimi hununua sukari ya chai. Kilo kumi za chai, kila wiki, kwa nyumba ya watu wawili.

"Hamira pakiti mbili, na sukari ile ya kawaida," nikasema.

Hakuinuka kwenye kiti. "Leo sikuuzii."

"Kwa nini?"

"Mtoto yako alikuja hapa asubuhi akienda shule. Nawoi. Unajua ameniuliza nini? Ameniuliza, 'Mama Ruqiyo, huko makao ya watoto kuna vitanda, ama mtu analala na nguo yake?'"

Nilikaa juu ya gunia la mchele. Sikuomba ruhusa.

Nikamweleza yote, Lotiir, Abei, chupa, barua. Yeye alikuwa anafukuza nzi kwa kipande cha boksi, anasikiliza. Nilipomaliza akatikisa kichwa.

"Wallahi, miaka yote hii mimi nafikiria, huyu mama siku moja akiniuliza mahali pa kuacha, nitamwambia. Hujawahi kuuliza, hata siku moja."

"Sasa nauliza."

"Kakuma. Ndani ya kambi ya wakimbizi, Kakuma One, karibu na bomba la maji. Kuna mama anaitwa Nyabol, Mnuer wa Sudan Kusini. Ananunua majani ya chai kwangu, ya kikundi yake. Wako watu wa kila kabila. Hata watu wa dini yangu wako, usiniulize majina. Alhamisi, saa tisa. Abdisamad shemeji yangu anapeleka lori kesho kutwa, utakaa mbele na yeye."

"Watanijua?"

"Nani akujue Kakuma?" Akaweka kile kipande cha boksi chini. "Lakini wewe sema ukweli, mama. Nyabol akisikia uongo, anakuangalia kama ngamia. Hasemi kitu. Anaangalia tu mpaka unajiaibisha."

"Nitasema ukweli."

Wakati natamka nilikuwa namaanisha. Hilo mniamini.

Alhamisi asubuhi nilimwachia jirani Nawoi. Alikuwa ameshachana nywele zake mwenyewe, amevaa sare, anasubiri mlangoni.

"Nyanya, unaenda kuchukua barua?"

"Ndiyo."

"Ukirudi, rudi na sauti yako ya asubuhi."

Ana jina kwa kila sauti yangu, kumbe. Sikumuuliza zile nyingine anaziitaje.

Njiani sikuona kitu cha kuwasimulia. Nilikuwa nimeazimia kufika mkavu. Tulipopita nusu ya safari jasho lilikuwa linanitiririka na meno yanagongana, na Abdisamad, mtu mwenye huruma, akafikiri ni malaria. Akanipa biskuti na maji. Akasimamisha lori atazame magurudumu. Mimi nikazunguka nyuma ya mgunga. Ile chupa ya kikohozi nilikuwa nimeijaza tena tangu Jumanne usiku. Nikanywa nusu, nikasubiri, mikono ikatulia. Nikaweka tumbako shavuni.

"Unajisikia aje sasa, mama?" Abdisamad akauliza.

"Sijambo sasa, mwanangu."

Kikundi cha Kakuma kinakutana kwenye kibanda cha mabati kilichofunikwa turubai, viti vya plastiki vimepangwa duara. Walikuwa tisa. Nyabol ni mwanamke mrefu, lazima ainame kuingia mlangoni, na anaongea chini chini mpaka watu wote wanaacha yao wamsikilize. Mzee mmoja Mkongo akanivutia kiti.

"Ikala hapa, mama. Ikala, upumzike."

Nyabol akamimina chai kutoka kwa chupa kubwa, akanijia na kikombe. "Karibu, mama. Hapa kwetu kikombe ya kwanza ni ya mgeni."

Niliposikia maneno hayo, kikombe cha kwanza, chai ikanimwagikia magotini.

"Wewe ni mgonjwa?"

"Ni uchovu wa lori."

Alinitazama. Ruqiyo alisema kweli, yalikuwa macho ya ngamia, na kope zake ndefu.

"Sawa. Sema kitu imekuleta. Hapa hakuna mtu ya kukucheka."

Nilikuwa na maneno manne tu ya kusema. Naitwa Namuria, ni mlevi. Nilikuwa nimeyarudia ndani ya lori kutoka Lodwar. Nikafungua mdomo, nikawaona wale watu tisa wasionijua, ambao kwao sikuwa bado harufu, nikawa nataka sana nibaki mtu, hata kwa dakika tano.

"Nimekuja kwa sababu ya mwanangu," nikasema.

Wakaitika wote, kile kiitikio cha huruma, mmm.

"Pombe imemmaliza. Alianza ujanani, marafiki wabaya. Mimi ni mjane, nimemlea peke yangu. Aliuza mbuzi wa mwisho akanywa. Aliuza sufuria. Siku moja alinisukuma nikaanguka juu ya mawe ya jiko."

Hayo yote yalitokea. Siwadanganyi. Niliondoa yale yanayonihusu mimi tu, nikaacha yaliyobaki.

Kijana mmoja anaitwa Reath alikuwa ameinamisha kichwa, machozi yanadondoka kwenye viatu. "Mama yangu angekuja hivi," akasema, "mimi nisingefika hapa nilifika."

Mzee Mkongo akanishika bega. Niwaambie kitu. Uongo ukipokelewa kwa machozi ni mtamu kuliko chang'aa. Nikaongeza. Nikalia na mimi. Nikasema anaweza kuwa amekufa na sijamzika.

"Na unataka sisi tufanye nini?" Nyabol akauliza.

"Mniandikie barua. Mseme nahudhuria hapa."

"Barua ya nani?"

"Ya afisa wa watoto. Mwanangu aliniachia mtoto. Wanasema nyumba yangu ina pombe, wanataka kumchukua. Ni kwa sababu ya mwanangu."

Nyabol akachukua daftari na kalamu. Nikaona mkono wake unaandika tarehe. Siku ya kumi, nikahesabu. Kesho barua iko mezani kwa yule msichana mwenye viatu vya raba, na Nawoi analala kwangu.

"Jina ya kijana yako?" akauliza. "Iko Mturkana moja hapa, kutoka Lodwar. Anabeba maji na punda. Labda anamjua."

"Lokiru," nikasema.

Kalamu ikasimama.

Reath akamtazama mzee Mkongo. Mzee Mkongo akatazama nyuma yangu, mlangoni.

"Amesimama hapo kutoka saa ngapi?" Nyabol akauliza.

"Kutoka kwa ile hadithi ya mbuzi," Reath akasema pole pole.

Niligeuka. Alikuwa na jerikeni mbili za maji, moja kila mkono, na hakuwa ameziweka chini. Alikuwa amenenepa. Macho yake yalikuwa meupe. Sikuwahi kujua macho ya mwanangu yana weupe huo.

"Ejoka, mama," Lokiru akasema.



"Miezi saba na siku nne," Nyabol akaniambia. "Hajagusa. Hata siku moja."

Lokiru akaingia. Akaweka maji chini, akajifuta mikono kwa shati, akakaa kiti kilichonielekea. Hakuwa na hasira, na hiyo ndiyo iliyonitia hofu. Hasira ya Lokiru najua pa kukimbilia.

"Nawoi yuko aje?"

"Mzima."

"Umemwacha na nani?"

"Na jirani. Anasoma. Anajua kuchana nywele zake mwenyewe."

"Anakula nini?"

 Nje punda wake alikuwa anapiga kwato chini.

"Mama. Mtoto wangu anakula nini?"

"Siku moja tu unga uliisha. Nilimpa machicha. Akalala darasani, mwalimu akamnusa."

Alikaa vile vile. Lakini Reath, ambaye dakika chache zilizopita alikuwa ananililia, alisogeza kiti chake mbali na changu, kidogo tu.

"Machicha," Lokiru akasema. "Na unawaambia hawa mtoto anachukuliwa kwa sababu yangu. Mimi sijakanyaga kwako tangu mwaka jana."

"Ningesema nini, Lokiru? Kule Lodwar nilisema ukweli. Walinifukuza kama mbwa."

"Ulisema ukweli gani?"

Nyabol akanyoosha kiganja chake mbele yangu, kikiwa wazi. "Mama, hiyo tumbako toa kwa mdomo."

"Ni mazoea yetu."

"Najua. Toa."

Niliitoa, nikaiweka kwenye kile kiganja. Akaninusa kwa karibu, kama mama anavyonusa mtoto mchanga kujua kama amecheua. Halafu akarudi kwenye kiti chake. Hakusema kitu. Hakukuwa na haja, kibanda ni kidogo, na wale wote ni watu wanaojua.

Nikangoja wanifukuze. Nilishika kikapu.

"Usifunge daftari bado, Nyabol," Lokiru akasema. "Alikuambia nilianza lini?"

"Alisema ujana. Marafiki mbaya."

"Mama, nilikuwa na miaka mingapi?"

Hapo ndipo penye lile kaburi nililokuwa nikilipita. Nilitazama upande wa pili, na upande wa pili kulikuwa na ukuta wa mabati.

"Nilikuwa na malaria," nikasema.

"Najua ulikuwa na malaria. Mimi ndiye nilikuwa naleta maji. Nilikuwa na miaka mingapi?"

"Tisa."

Mzee Mkongo akavuta pumzi.

Lokiru akawageukia. Aliwasimulia kwa utulivu, kama mtu anayeonyesha njia. "Pipa lilikuwa limeiva. Wazee sita wamekaa nje kwa mawe. Na hakuna anayekunywa kama mtu wa nyumba hajaonja, ndiyo desturi. Mama hawezi kuinua kichwa. Akaniita. Akaniambia chukua kile cha bluu, jaza, kunywa mbele yao, kigeuze waone. Nikajaza. Nikanywa mbele yao, nikakigeuza. Wakapiga makofi."

"Tungelala njaa," nikasema. "Ingeoza. Tungelala njaa, Lokiru."

"Siku nne, mama. Kila pipa. Siku ya tano ukapona. Ukatoka nje, na mimi nikakuletea kikombe, kwa sababu ni chako. Unakumbuka uliwaambia nini wateja?"

Nakumbuka. Kila kitu cha miaka hiyo pombe imenichukulia, isipokuwa hicho.

"Uliwaambia, muacheni huyu aonje, ana ulimi kunishinda. Walicheka. Na mimi nikafurahi, kwa sababu ulikuwa umenisifu. Kutoka siku hiyo cha kwanza kilikuwa changu."

Nyabol alikuwa bado ameshika kalamu juu ya ile tarehe. Karatasi ilikuwa tupu chini yake. Akamtazama Lokiru, si mimi.

"Mtoto ni wako," akamwambia. "Mama ni wako. Niandike barua, nisiandike? Kila Alhamisi nakuuliza wewe ulitaka nini kwa mama yako, unasema hujui. Leo yeye iko hapa. Ulitaka nini?"

Lokiru akainama, akaokota kikombe changu cha chai kilichokuwa chini karibu na mguu wangu. Akamwaga kilichobaki, akajaza tena kutoka kwa chupa, akakiweka mikononi mwangu. Halafu akafunika mikono yangu kwa yake, kwa sababu ilikuwa imeanza kutetemeka, na hakuiondoa.

"Nilifikiri nataka kuja kumchukua Nawoi," akasema. "Nilifikiri nataka ulie mbele ya watu. Lakini si hiyo. Siku ile ya kwanza nilisimama na kile kikombe kimejaa, na sikuwa natazama wale wazee. Nilikuwa nakutazama wewe pale kitandani. Nilikuwa nangoja uinue kichwa uwaambie, leo hakuna pombe, rudini kwenu. Hiyo tu, mama. Nilitaka useme leo hakuna."